Starlet ya 1997, Mnada wa Japani na Karatasi Iliyopotea

Leo naweka kando mambo ya seva na programu ili niwasimulie jinsi nilivyonunua gari langu la kwanza. Ni Toyota Starlet ya mwaka 1997. Mimi pia nilizaliwa 1997, kwa hiyo tuko rika moja, ingawa yeye amesafiri mbali kuliko mimi!

Msidhani ilikuwa starehe. Pesa zenyewe zilikuwa akiba ya miaka miwili pamoja na zamu yangu ya chama. Mama anasumbuliwa na miguu, na kila mwezi lazima afike kliniki. Kutoka nyumbani hadi stejini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima wa afya, na kwa yeye ni saa nzima na vituo vya kupumzika. Kwa hiyo nilihitaji gari dogo, lisilonywa mafuta sana, na ambalo kila fundi wa mtaani analijua. Nikinunua bovu, sikuwa na pesa nyingine ya kununua zuri.

Basi nikafanya kile tunachofanya sisi watu wa kompyuta tukiogopa: nikasoma. Nilidhani nitasoma habari za injini. Kumbe historia ya kununua gari kuukuu ni historia ya habari: nani anazo, nani hana, na nani anaziandika. Ndiyo maana nimeona niwaletee hapa.

MALIMAU YA AKERLOF

Tuanzie Marekani. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala fupi katika jarida la Quarterly Journal of Economics kuhusu soko la "malimau". Kwa Waamerika, limau ni gari linalong'aa kwa nje na ndani limeoza. Makala hiyo ilikuwa imekataliwa na majarida matatu kabla ya kupata pa kuchapishwa. Mwaka 2001 Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, na makala ile ndiyo iliyompa jina.

Hoja yake ni rahisi, hata mama mboga ataielewa. Chukulia kuna Starlet mbili sokoni. Moja ni nzima, thamani yake shilingi 300,000. Nyingine ni mbovu, thamani yake 150,000. Zote zimeoshwa zikapakwa polishi, na wewe mnunuzi huwezi kuzitofautisha. Utatoa kiasi gani? Ukiwa na akili utatoa katikati, yaani 225,000. Lakini mwenye gari zima anajua gari lake, naye hawezi kuliachia kwa bei hiyo. Anarudi nalo nyumbani. Anayebaki sokoni akichekelea ni mwenye gari bovu! Wanunuzi nao wakishagundua, wanashusha bei zaidi, na magari mazuri yaliyobaki yanaondoka. Mwishowe soko linajaa malimau matupu.

Ona kwamba hapa hakuna anayehitaji kuwa mwizi. Inatosha tu kwamba muuzaji anajua jambo ambalo mnunuzi halijui. Mwenye gari zuri anaumia sawa na mnunuzi, kwa sababu hana njia ya kuthibitisha kwamba lake ni zuri. Shikeni hilo, tutalirudia.

MNADA BILA MAGARI

Sasa twende Japani, ambako Starlet yangu ilitoka. Kule magari yaliyotumika huuzwa kati ya wafanyabiashara kwenye minada. Zamani ilikuwa lazima kila gari lipelekwe uwanjani, wanunuzi waje, waliangalie kwa dakika chache, kisha wapige bei.

Mwaka 1985 mfanyabiashara wa magari aitwaye Masataka Fujisaki alianzisha mnada alioupa jina la AUCNET. Ebu fikirieni mwaka huo. Hakuna wavuti. Tim Berners-Lee alikuja kupendekeza wavuti mwaka 1989! Fujisaki akasema magari yabaki kwa wenyewe, zisafiri habari tu. Mwanzoni picha za magari ziliwekwa kwenye diski za video na kutumwa kwa wafanyabiashara, baadaye zikaanza kurushwa kwa setilaiti. Mnunuzi alikaa ofisini mwake mbele ya mashine, akapiga bei kupitia laini ya simu.

Sisi watu wa teknolojia hapo tunashangilia setilaiti. Lakini jiulize: nani atanunua gari kwa picha? Picha haina harufu ya oili inayoungua. Kilichofanya mambo yaende ni mkaguzi. Kabla gari halijaingia mnadani, fundi wa kampuni alilikagua, akaandika kasoro zake, kisha akalipa alama moja kwa ujumla kuanzia 1 hadi 10. Mnunuzi aliiamini namba ile kwa sababu aliyeitoa hakuwa mwenye gari.

Mwaka 1998 mtafiti Ho Geun Lee aliandika kuhusu mnada huo katika jarida la Communications of the ACM. Watu wengi wakati ule waliamini soko la kompyuta lazima litashusha bei. Yeye akakuta kinyume: magari yaliuzwa AUCNET kwa bei ya juu kuliko kwenye minada ya kawaida. Sehemu ya sababu ni kwamba magari mabovu yalichujwa mapema, kwa hiyo yaliyobaki yalikuwa bora. Lakini hapo ndipo utaona limau la Akerlof likipata dawa: aliye na gari zuri sasa alikuwa na mahali pa kulithibitisha, basi akalileta sokoni. Kuandika kasoro kulipandisha bei badala ya kuishusha!

Minada mingine ya Japani nayo ina karatasi zake za ukaguzi. Ukiiona moja utaipenda, maana imeandikwa kama programu fupi. Kuna mchoro wa gari lililotandazwa bapa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake herufi. A ni mkwaruzo. U ni kubonyea. W ni mahali palipotengenezwa na bati limebaki na mawimbi. X ni kipande cha kubadilishwa. Namba iliyo kando ya herufi inaonyesha ukubwa wa kasoro. Juu kuna alama ya jumla, na gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa kwa kawaida hupewa herufi R badala ya namba. Hata kilomita zikitiliwa shaka, mkaguzi anaandika wazi.

KARATASI INAPOTELEA WAPI?

Kwa Kenya, magari haya ya mitumba yalianza kumiminika baada ya milango ya biashara kufunguliwa miaka ya 1990, yakipitia bandari ya Mombasa. Baadaye kiwango cha KEBS kiitwacho KS 1515 kikaweka sharti kwamba gari linaloingia lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, Starlet ya 1997 ilipaswa kuwa imeshuka melini kufikia katikati ya miaka ya 2000. Pleti ya hii yangu ni ya zile za KA, yaani ilisajiliwa Kenya kabla KBA hazijaanza mwaka 2007.

Hapo ndipo kuna tatizo. Karatasi ya mnada ilimfaa mwagizaji. Alipoliuza gari, karatasi ilibaki kwenye faili lake au ikaishia jalalani. Mwenye gari wa kwanza Kenya pengine aliiona, wa pili alisimuliwa, wa tatu hata hajui kwamba ilikuwepo. Na hata kama ningeipata leo, ingenieleza tu utoto wa gari. Ujana na uzee wake wote umepita kwenye barabara zetu, na hakuna aliyekuwa akiandika.

Kwa hiyo wazo langu likawa hili: kama karatasi haipo, nitaiandika mimi. Nikachukua daftari, nikachora Starlet kama ngozi ya mbuzi, nikampigia simu fundi ninayemwamini, tukaenda.

GARI LINAJIANDIKA LENYEWE

Muuzaji alikuwa mzee mstaafu mwenye adabu. "Karibu kijana wangu, liangalie upendavyo," akaniambia. Bei yake ilikuwa 290,000. Nikaanza na maandishi yaliyomo mwilini mwa gari, kwa sababu hata bila karatasi, gari kuukuu limejaa tarehe.

1. Nambari ya fremu. Wengi mnajua VIN yenye herufi na tarakimu 17, ambayo Marekani ililazimisha tangu magari ya 1981. Ile ni nzuri sana kwetu: nafasi ya 9 ni tarakimu ya kuhakiki, unapiga hesabu kwa mabaki ya kugawanya na 11, na ukikosea kunakili inajulikana. Herufi I, O na Q haziruhusiwi kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana VIN hiyo! Yana nambari fupi, kama EP91 kisha mstari kisha tarakimu saba. Ukiiingiza kwenye tovuti za kusoma VIN itakataliwa, wala usidhani gari ni la wizi. E ni familia ya injini. P ni herufi ya ukoo iliyotoka kwa Toyota Publica ya 1961, babu wa Starlet. 91 ni kizazi chake. Nikailinganisha na logibuku, kisha nikaangalia rekodi za NTSA kupitia eCitizen: jina ni la mzee, na hakuna mkopo unaolishika gari. Safi.

2. Vioo na mikanda. Kila kioo kina chapa ndogo ya kiwanda pembeni, na mikanda ya usalama ina lebo yenye tarehe. Kioo kimoja kikiwa cha kampuni tofauti na vingine, uliza kwa nini. Cha mlango wa kushoto nyuma kilikuwa tofauti. Nikapitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bati la mlango ule, ikateleza na kuanguka. Chini ya rangi kulikuwa na puti. Nikaandika W kwenye mchoro.

3. Tairi. Tangu mwaka 2000 tairi huwa na tarakimu nne ubavuni: wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mbili zilikuwa mpya, mbili ni za kutupa.

4. Kilomita. Odometa ilisema 118,000. Raba ya pedali ya klachi ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana. Odometa ya Starlet ni magurudumu tu yanayozungushwa, na fundi mwenye bisibisi anaweza kuyarudisha nyuma. Sikubishana. Niliandika "haijulikani". Kwenye hifadhidata, nafasi tupu ni afadhali kuliko namba ya uongo.

5. Mkanda wa taimingi. Injini za familia ya E hutumia mkanda wa raba, wakati zile za Vitz, iliyochukua nafasi ya Starlet mwaka 1999, hutumia mnyororo. Mkanda una umri wake, nasi tumeshasema kilomita hazijulikani. Kama hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba unabadilisha wewe, wiki hii, kwa pesa zako.

TAA ISIYOWAKA

Hadi hapo mambo hayakuwa mabaya. Kisha fundi akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya oili ikawaka. Ya betri ikawaka. Ya breki ya mkono ikawaka. Taa ya injini... kimya.

Wengi tunafurahi tukiona taa ya injini haiwaki. Lakini swichi ikifunguliwa lazima iwake kwanza, kisha izime injini ikishika. Hiyo ndiyo njia ya gari kukuonyesha kwamba balbu ni nzima. Isipowaka kabisa, ama imeungua ama mtu ameitoa.

Fundi akamwomba mzee ruhusa, akatoa dashibodi ya saa. Nafasi ya balbu ilikuwa wazi! Mtu aliichomoa.

Moyo wangu ukashuka. Ghafla sikuona tena gari zuri lenye kasoro chache. Niliona gari ambalo kila kitu chake kinaweza kuwa uongo. Oili safi: pengine imemwagwa jana ili kuficha kitu. Injini tulivu: pengine imetiwa dawa. Huyo ndiye Akerlof, akinitembelea kwenye ua wa nyumba ya watu. Nikamwambia mzee kwamba kwa hali hii siwezi kupita 230,000.

Fundi yeye akaniambia nisikimbilie bei, kwanza tuulize gari. Akaweka balbu nyingine. Starlet hii haina habari na vile vifaa vya OBD-II tunavyochomeka na kusoma kwa simu. Marekani ililazimisha OBD-II kwa magari ya 1996, lakini hii ilitengenezwa kwa soko la Japani. Badala yake ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, kisha unatazama taa ya injini. (Usibahatishe tundu! Soma mchoro ulio kwenye kifuniko.) Mambo yakiwa sawa, taa inakonyeza haraka haraka bila kukoma. Kukiwa na hitilafu, inakonyeza tarakimu: ya kwanza, kituo kidogo, ya pili.

Ikakonyeza mara mbili. Ikapumzika. Ikakonyeza mara moja. 21. Halafu tena: 21. Hakuna namba nyingine.

Nawaambia kweli, nimewahi kusoma data za kila namna, lakini sijawahi kushikwa na kitu kama zile konyezo tatu. Gari lilikuwa likijaribu kusema jambo hilo kwa miaka, na mtu akalifunga mdomo.

21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Ikifa, injini inaendelea kutembea ila inakula mafuta zaidi. Fundi akapima mgandamizo wa silinda, zote nne zikakaribiana. Injini ilikuwa nzima. Sensa iliyotumika, kutoka maduka ya Kirinyaga Road, ilinigharimu shilingi 3,500.

MZEE

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema alipolinunua gari hilo taa ile ilikuwa haiwaki, akaambiwa ndivyo Starlet zilivyo. Alikuwa akilijaza mafuta miaka yote hiyo akijua ni gari la kunywa. Nilimwamini. Balbu ilitolewa na mtu wa kabla yake, ambaye huenda hata hakumbuki.

Tulikubaliana 240,000. Nikipiga hesabu ya tairi mbili, mkanda wa taimingi na mlango wenye puti, bei ile ilikuwa ya haki. Lakini wote wawili tunajua sehemu ya zile 50,000 zilizopungua haikutokana na kasoro. Ilitokana na ile dakika niliyoona nafasi tupu ya balbu na kuogopa. Mzee alilipia uongo wa mtu mwingine, kwa hitilafu ya shilingi 3,500. Hilo bado linanikera kidogo, nami ndiye niliyefaidika.

Ndiyo maana narudi kwa Fujisaki. Tunapenda kudhani kwamba setilaiti, au simu, au programu ninayoandika mimi, ndiyo inayoleta uaminifu sokoni. Hapana. Kule Japani kazi ilifanywa na mtu aliyeinama chini ya gari akaandika A, U na W bila kumwonea haya mwenye mali. Mashine ilibeba tu maandishi yake. Kwetu mashine tunazo, hata mfukoni. Maandishi ndiyo hatuna.

Daftari langu sasa linakaa ndani ya gari pamoja na logibuku. Lina mchoro, lina 21 na tarehe ilipotengenezwa, lina risiti ya mkanda, na kwenye mstari wa kilomita bado imeandikwa "haijulikani". Siku nitakapoliuza, daftari litakwenda nalo, pamoja na kasoro nitakazoongeza mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kliniki. Alipanda, akafunga mkanda, akaniuliza, "Hii taa ya njano mbona imewaka?" Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mama." Nikawasha injini, ikazima.

Haya wasomaji wangu, kama una Starlet, hebu ufungue swichi kesho asubuhi uhesabu taa. Tuonane wakati mwingine, Mungu akipenda.